Picha Niliyoing'arisha

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa salama hapo kijijini Ruanda. Sisi huku hatujambo, ila vumbi la malori tu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu haitusaidii. Nikikuuliza hali, unasema u mzima wa afya, kisha unageuzia maneno kwenye mvua. Lakini mama ananiambia sahani yako inarudi jikoni na nusu ya ugali, na habari za hospitali hutaki kuzisikia. Jambo hilo linanitia hofu, Baba.

Kwanza nikupe habari za kazi. Ile programu ya kompyuta niliyowaandikia watu wa ghala la mahindi la ushirika wenu kwa lugha ya Python, ambayo mkamwana wako Tukuswiga anaitumia kupokelea magunia, mwenyekiti aliikataa. Hakusema haifanyi kazi. Alisema ina sura ya kizee, vitufe vya kijivu vyenye kona kali, na wanunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakiiona kwenye kompyuta watadhani tumelala. Basi nikaivalisha upya. Nikabadilisha maandishi, nikazungusha kona za vitufe, nikatia rangi ya kijani, na kila mwanachama nikamwekea picha yake ndani ya duara. Ndiyo maana nilikuja kukupiga picha pale mlangoni, ukanitania kwamba sasa nimekuwa mpiga picha wa harusi.

Katika kuhangaikia urembo nikasahau mila yetu. Tangu nimwoe Tukuswiga hajawahi kukutazama usoni, kwa kuwa mkamwana hatazamani na baba mkwe wake, na magunia yako huletwa na mdogo wangu Timotheo ili msikutane. Timotheo alipofika juzi, Tukuswiga akaandika namba yako, na sura yako ikajaa kwenye kioo. Akainuka, akajifunika khanga, akatoka nje. Foleni ikasimama, makuli wakacheka mpaka wakakaa chini. Nyumbani nikamwambia kwa hasira kwamba picha si mtu. Akanijibu taratibu kwamba heshima haisubiri mtu awepo.

Jana nilikaa na kompyuta kuzisawazisha picha zote zifanane rangi. Yako niliiona ina umanjano machoni, nikadhani ni kasoro ya simu, nikaanza kuuondoa. Macho yakawa yanapendeza kabisa, meupe kama ya kijana. Nikamsikia Tukuswiga nyuma yangu akisema nisiyaguse macho ya baba. Nilipogeuka nilimkuta anakutazama bila kujifunika. Akanionyesha pichani ukuta uliokuwa nyuma yako, jinsi chokaa yake ilivyo nyeupe, akaniuliza simu gani inakosea macho tu na kuuacha ukuta.

Ndipo akaniambia alilolificha. Siku ile pale ghalani hakutoka kwa haya peke yake. Baba yake mzazi, kule Mbangala, alikuwa na macho hayohayo. Walisema ni uchovu wa shamba, wakamzika kabla ya mavuno. Aliyatambua mara moja, lakini hakujua mkamwana atasemaje kwamba ameyaona macho ya mkwe wake. Amelia sana, anaomba umsamehe kwa kukutazama. Mimi mwanao nilisimama mbele yako nimeshika simu, na nilichokiona ni duara na rangi. Naona aibu.

Baba, Jumanne asubuhi nitakuja na gari la rafiki yangu Brayan tukupeleke hospitali ya mkoa. Tukuswiga atakuwamo. Anasema atakaa kiti cha nyuma na khanga yake, lakini daktari akiuliza dalili zilianza kuonekana vipi, atajibu mwenyewe.

Mpe mama salamu nyingi, na umwambie Timotheo aje na kadi yako ya bima. Kama bado nia yako ni kukataa, usinijibu mimi. Mngoje Tukuswiga ashuke garini, umtazame usoni, umwambie yeye.

Ni mimi mwanao,
Aliko