Watu Arobaini wa Elia

Mama Neema, mke wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Huku Mbuchi mbu walinipokea kabla ya wenyeji. Ile habari niliyokutumia jana asubuhi kwa simu, kwamba Elia amefungua kanisa kwa watu arobaini, kama hujaitangaza, nyamaza nayo!

Nilipoona mikeka imejaa, nilimpokonya Elia, mwanafunzi wangu, mahubiri, nikahubiri mimi mpaka adhuhuri. Adhana ilipolia, umati ukainuka. Jirani wa Elia, Bi Mwanahawa, akaniambia kwa upole, "Mchungaji, Elia akiwa na shughuli ni yetu sote, ndiyo maana tumekuja. Sasa tunakwenda kuswali. Wali uko motoni, msipakue mpaka turudi."

Tukabaki watano, nami nikiwemo. Elia akaninong'oneza, "Baba, si nilikuambia uwe mfupi?"

Walirudi kweli, tukala wali wa nazi na kamba mpaka nikalegeza mkanda. Na mimi ndiye niliyekuja kumfundisha Elia kukusanya watu!

Jumapili ijayo anahubiri yeye. Mimi Bi Mwanahawa amenipangia kukuna nazi. Hilo nalo usilitangaze.

Nimewakumbuka sana, wewe na watoto.

Baba Neema