Upepo wa Matairi ya Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Geji (ndivyo anavyoitwa na wote, jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi wa matairi, karakana yake mwenyewe
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana hiyo
Yamechukuliwa: Jumatatu tarehe 17, saa 9:20 alasiri, chumba namba 4

Nimeitwa hapa niseme neno moja tu, kwamba matairi ya gari la mdogo wangu yalikuwa sawa. Neno hilo siwezi kulisema. Nitaeleza kwa nini, na wewe afande unayeandika usinikatize, maana ukinikatiza nitatafuta pa kutorokea.

Mama yetu ana miaka sabini na sita. Alizaa wawili, mimi kifungua mimba na mdogo wangu kitinda mimba. Mwaka wa nane huu mama anaishi kwangu. Magoti yakimgomea, ni mimi ninayembeba mgongoni hadi bafuni. Mke wangu ndiye anayemkata kucha. Mdogo wangu anaishi mbali, anapiga simu Jumapili dakika tano, na mama anaisimulia simu hiyo mpaka Jumatano.

Mnamo tarehe 14, Ijumaa, saa 12:30 jioni, mdogo wangu alifika kwangu gari lake likikokota karavani, yaani kijumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na kidirisha cha pazia. Alisema amekikodi ampeleke mama ziwani siku tatu. Kipya kinyemi ingawa kidonda! Mama, ambaye kwangu kutoka nje mpaka abembelezwe, alipanda kile kijumba, akashuka, akapanda tena. Akamwambia jirani, "Mwanangu amekuja kunitembeza." Mwanangu! Utadhani alizaa mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na ndoo yake ya maji ya kuoga mkononi.

Nilimwonea wivu mdogo wangu. Andika hivyohivyo, afande. Mtu mzima na mvi zangu, namwonea mdogo wangu wivu kwa ajili ya mama. Ni aibu, lakini ndiyo hiyo.

Jumamosi tarehe 15, saa 2:15 asubuhi, walifika karakana niwaangalizie upepo. Walikuwa wameshazunguka mjini karibu saa nzima, mama kiti cha mbele, amevaa miwani ya jua ya mdogo wangu.

Gari linalokokota haliwekewi upepo wa kila siku. Uzito wa kijumba unalalia nyuma ya gari, kwa hiyo matairi ya nyuma lazima yaongezwe. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kwa gari lile ni 32 likiwa tupu, na 41 kwa matairi ya nyuma likiwa na mzigo. Tena upepo unapimwa tairi likiwa baridi, kwa sababu tairi lililotoka kutembea lina moto na geji inasoma zaidi ya ukweli. Kila anayekuja kwangu na kitu cha kukokota namwuliza amebeba nini, anakwenda wapi na ametembea muda gani. Hata nisiyempenda namwuliza. Siku hiyo sikuuliza.

Nilianza na kijumba. Nilikijaza kama kibao chake kinavyosema, bila kukosea hata alama moja, kwa sababu mama alikuwa ameshuka ananitazama na nilitaka aone kazi yangu. Akasema, "Fanya haraka basi, unatuchelewesha." Akarudi kukaa kwenye gari.

Nikapima matairi ya nyuma ya gari. Geji ilisoma 32, na hapo yana moto. Nilijua yakipoa hayafiki hata 29. Mdogo wangu akachutama karibu yangu, akaniuliza, "Kaka, haya ya nyuma tusiyaongeze? Si tunakokota mzigo?" Jamani, aliuliza mwenyewe! Mpira wa kompresa ulikuwa mkononi mwangu. Nikamjibu, "Yako sawa. Mambo ya matairi niachie mimi." Akasema, "Haya kaka, wewe ndiye fundi." Nikaandika 32 kwa chaki kwenye tairi la kulia na la kushoto, wakaondoka saa 2:50.

Sikutaka waumie, Mungu ananiona. Nilitaka kijumba kiyumbeyumbe kidogo, mama aingiwe na hofu, arudi jioni aseme kumbe kwa kaka ndiko kwenye raha.

Saa 5:10 nilipigiwa simu. Kwenye mteremko kijumba kilianza kuyumba kushoto na kulia, kikalivuta gari hadi mtaroni. Mdogo wangu alichubuka tu. Mama alivunjika nyonga. Nilimkuta hospitali saa 7:00 mchana, macho amefumba. Akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Nikamwambia, "Niko hapa, mama." Akafumbua macho, akasema, "Si wewe."

Leo nilipoingia hapa kituoni nilimwona mdogo wangu mahabusu, hana mkanda wala viatu, ameshikiliwa kwa kuendesha ovyo. Aliniita kwenye nondo, akaninong'oneza, "Kaka, usihangaike. Nimewaambia matairi aliyaangalia kaka, hapo hakuna kosa. Labda nilikimbia, sijui." Hakukimbia. Kwa upepo ule na mteremko ule, hata mwendo wa kawaida ulitosha.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa yote, na sina la kufuta.

Sahihi: (imewekwa)
Saa 10:35 jioni

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika kama yalivyotamkwa. Shahidi amefahamishwa kwamba sasa ni mtuhumiwa na atachukuliwa maelezo ya onyo. Aliomba jambo moja, kwamba mama yake asiambiwe na mdogo wake, atamwambia mwenyewe. Ombi limechelewa. Mdogo wake alielezwa sababu, akaachiwa saa 10:50 jioni, na ameelekea hospitali.

Koplo wa zamu, saa 11:05 jioni