Kidole cha Baba Mkwe Kinanitekenya Kwenye Safu

Bibi mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nikinyamaza nitakosa mke kwa sababu ya kidole. Mimi ni kinyozi, nimeposa binti wa seremala mmoja wa mtaani kwetu, mzee wa heshima ambaye watu wanamwita Mzee Nyoosha, kwa sababu kila swala kabla imamu hajapiga takbira yeye anatoka mbele kidogo, anafumba jicho moja na kuikagua safu kama anavyokagua ubao, kisha anasema nyoosha hapo, ziba hapo, wewe rudisha kisigino, na watu wanatii maana safu kweli inanyooka, na mimi nilikuwa nikisali zangu pembeni kwa amani mpaka posa ilipopokelewa, siku hiyohiyo akanishika mkono akasema njoo usimame kwangu, sasa wewe ni mwanangu, nikaona nimepata baba.

Shida, Bibi, ni kwamba mzee anapenda mguu uguse mguu, na hatosheki na kisigino, lazima kidole chake kidogo kikalie changu, na kidole hicho kina kucha ngumu kama patasi, na mimi tangu utotoni natekenyeka nyayo kiasi kwamba hata viatu sikubali muuzaji anivalishe. Mara ya kwanza nilicheka kwenye rukuu nikajifanya nakohoa, siku nyingine nikacheka kweli, swala ikaharibika nikairudia nyumbani, basi nikaanza kusogeza mguu, naye anaufuata, nasogeza, anaufuata, jirani yangu anasogea kunipisha, mpaka safu nzima imehama na muuza maji aliyekuwa mwisho kabisa amebanwa kwenye rafu ya viatu, akiinama anagonga kichwa. Nikavaa soksi nzito. Mzee akanitazama akasema, "Joto lote hili, unaficha nini?"

Juzi tulipotoa salamu akaniuliza mbele ya watu, "Kijana, mguu wangu una nini?"

Nikasema hauna kitu, mzee.

"Basi wako ndio una kitu. Kinyozi mkono umetulia, mguu unatangatanga."

Watu wakacheka. Muuza maji hakucheka. Sasa mchumba wangu ananiambia babake kashamwambia mamake kwamba kijana ana dharau, anaukimbia mguu wangu kama uchafu, kesho atamkimbia na binti, na wazee wakikaa Jumapili posa itaangaliwa upya. Mchumba anasema nenda kamwambie ukweli, lakini Bibi, mwanamume mzima naanzaje kumwambia baba mkwe kwamba ananitekenya? Au nihame msikiti?

Mimi Kinyozi Mwenye Aibu.

*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimesomewa mara mbili, ya pili nilitaka tu kucheka tena. Sasa nimemaliza. Nyoosha mgongo unisikilize.

Akili unayo ila umeikalia. Kutwa nzima unaweka wembe kwenye shingo za watu, halafu neno moja kwa mzee mmoja linakushinda. Mchumba kakwambia la kufanya, wewe ukaja kuniuliza mimi lilelile. Huyo binti mshike sana, maana kati yenu ninyi wawili mmoja lazima awe na kichwa.

Kuhama msikiti usithubutu. Mzee atasema umeukimbia mguu wake mpaka mtaa wa pili.

Mimi darasani sikuingia hata siku moja, kwa hiyo habari ya safu nilimuuliza imamu wa hapa kwetu. Kasema kunyoosha safu na kuziba nafasi si jambo la mchezo, na hapo mzee wako yuko sawa. Bega kwa bega, visigino usawa mmoja, maana vidole vya watu vina urefu wake, na kila mtu atanue miguu kwa kadiri ya mwili wake, asisimame kama meza. Lakini kukaribiana si kukanyagana. Na wewe unayejikunja kila anapokusogelea unaacha tundu upande mmoja na kumkamua muuza maji wa watu upande wa pili. Mmekosea wote, yeye kwa mapenzi, wewe kwa woga.

Ndiyo, kwa mapenzi. Hujaliona hilo? Wazee wa namna hiyo hawajui kusema mwanangu nakupenda. Wanakukanyaga. Yeye kakuita mwana mbele ya safu nzima, wewe ukaondoa mguu. Kilichomuuma ni hicho.

Basi fanya hivi. Kesho baada ya Alasiri nenda karakanani kwake, peke yako, mshenga mwache kwake. Ukifika vua kiatu, kaa juu ya mbao zake, mwambie, "Baba, mguu wako hauna kitu. Mimi natekenyeka." Asipoamini, mpe unyayo ajaribu. Utapiga kelele, pengine utaanguka na mbao zote. Anguka. Atacheka mpaka atoe machozi, na Jumapili atawasimulia wazee wote, na watoto wenu watasimuliwa, na wewe utakaa kimya unywe chai yako. Mtu akishakucheka hivyo hawezi tena kusema una dharau. Kisha mwombe kwa adabu: bega upate, kisigino upate, vidole kila mtu abaki na vyake. Halafu rudi ubavuni kwake bila soksi, usimame kama mtoto wa mtu.

Na muuza maji kamwombe radhi. Siku ya harusi mpeni kiti kizuri, na kushoto kwake na kulia kwake asikae mtu.