Zamu ya Wafula

Jumatatu, katikati ya Julai. Baridi ya kukata masikio, na jua hatujaliona tangu Alhamisi. Nimefunga dirisha na nimevaa soksi mbili mbili. Lakini leo si baridi inayonisumbua. Ni kinyaa. Tangu nirudi kutoka mjini nimepiga mswaki mara mbili na bado nahisi kitu kichafu mdomoni.

Shajara, leo sina salamu. Nisikilize tu.

Wanaopita hapa kwenye blogu yangu mara kwa mara wanajua mimi ni Mwende, napiga gitaa la besi kwenye bendi. Tunapiga harusi za mtaa wa Karen, sherehe za maofisi, na kila Ijumaa hoteli moja kule Parklands. Tulikuwa watano. Sasa tuko wanne, kwa sababu mwaka jana Wafula, mpiga saksafoni wetu, aliumwa kifua kwa muda mfupi tu akatuacha. Aliacha mke na watoto wawili. Nililia siku hiyo mpaka sauti ikaisha.

Niliandika hapa kuhusu mazishi yake. Sikuandika kuhusu PIN yake, ile namba ya mlipa kodi, kwa sababu sikujua.

Wacha nieleze, maana mtu asiye mwanamuziki hawezi kuelewa ujinga wetu. Bendi yetu haijasajiliwa popote. Ni jina tu, fulana nyeusi na kikundi cha WhatsApp. Harusi hazina matata: baba ya bibi harusi anatuma pesa kwa simu ya Mutiso, kiongozi wetu, naye anagawa. Lakini hoteli na maofisi hawalipi hivyo. Wanataka ankara yenye PIN ya kodi ya mtu mmoja. Wanakata kiasi kidogo hapo hapo na kukipeleka serikalini kwa jina la huyo mtu. Basi serikali inaandika kwamba pesa yote ya bendi imeingia mfukoni mwake. Kodi iliyobaki anadaiwa yeye, peke yake.

Ndiyo maana tulikuwa na zamu. Kazi hii PIN yako, kazi ile yangu, nyingine ya Wafula, ili mzigo usimwangukie mtu mmoja. Kila Juni tunampa Mutiso nywila zetu, anapanda saiba moja ya intaneti River Road na kutujazia fomu za kodi. Anatujazia nini? Sifuri. Bendi nzima, mwaka mzima, eti hatujapata hata shilingi. Hilo nililijua. Karibu kila mwanamuziki ninayemfahamu hapa Nairobi anafanya hivyo, na tukikutana tunacheka.

Tangu Wafula afe, zamu haijanifikia.

Hata mara moja. Nilidhani Mutiso ananionea huruma kwa sababu anajua ninavyohangaika. Sikuuliza. Nilisema asante Mungu, nikaendelea na maisha yangu.

Jana baada ya kanisa Mama Trevor alikuja kwangu. Ndiye mke wa Wafula. Anauza chapati hapa Dagoretti Corner, na kupita siku mbili bila kusalimiana ni nadra, lakini kuja mpaka nyumbani si kawaida yake. Alikuwa bado na nguo ya kanisa. Alitoa simu ya Wafula kwenye mkoba akaiweka mezani. Ile laini hajawahi kuizima. Huichaji kila siku kwa sababu ndani yake kuna sauti ya mzee wake akiwaimbia watoto. Sasa kwenye simu hiyo zimekuwa zikiingia meseji za kodi. Mwanzoni alifikiri ni matapeli. Zilipozidi, wiki iliyopita alichukua cheti cha kifo akaenda ofisi ya kodi mjini kuwaambia kwamba mwenye simu hayuko tena duniani.

Kijana wa kaunta akaangalia kompyuta yake, akamwambia, "Mama, huyu mtu ametoa ankara mwezi uliopita."

"Akasema amelipwa Juni," Mama Trevor alinisimulia. "Na Mei. Na Aprili. Mwende, unajua nilifanya nini? Nilifurahi."

"Ulifurahi?" nikamuuliza.

"Nilifurahi, aki. Nilimzika mwenyewe, mchanga niliurusha kwa huu mkono, lakini pale kwa kaunta nikasema, basi yuko mahali anapiga, ni vile tu hataki kurudi nyumbani. Nikauliza yule kijana ni hoteli gani. Nilikuwa niende nimtafute."

Jameni. Sikujua niweke macho wapi.

Akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kunieleza yaliyobaki. Kuna deni, na linaongezeka. Kijana alimwambia kwamba hata ikithibitishwa amekufa, deni halifi naye, litaangalia alichoacha. Na Wafula ameacha kitu kimoja tu: ploti ndogo kule Ngong, yenye seng'enge pande tatu. Mama Trevor alikuwa anapanga kuinua chumba kimoja pale mwaka huu, atoke kwa nyumba ya kupanga.

"Wanaweza kuichukua hiyo ploti?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui. Hilo ni kweli, sikujua. Lakini aliponiuliza, "Ni nyinyi?" nikamwambia nitauliza kwa bendi, na huo ulikuwa uongo. Sikuwa na la kuuliza. Nilishajua kabla hata chai haijachemka. Mwaka mzima zamu haikunifikia kwa sababu mwaka mzima zamu ilikuwa ya Wafula.

Leo asubuhi nilienda mjini kumtafuta Mutiso. Ana kiduka cha spika pale Luthuli. Nilimkuta anakula kuku wa kukaanga kwenye karatasi, mafuta mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akanivutia kiti vizuri, akaniitisha chai. Mutiso ana adabu sana, hilo siwezi kumnyima.

"Mwiitu wa mwaitu, karibu. Umekula?"

Ndivyo anavyoniita, dada yangu, kwa lugha ya kwetu, kwa vile sote ni watu wa Ukambani. Nikamuuliza moja kwa moja: ankara za Parklands unaandika PIN ya nani?

Hakuacha kutafuna.

"Ya Wafula. Sasa ningefanya aje? Hoteli waliandikisha hiyo tangu mwanzo, kubadilisha ni stress. Halafu Mwende, wewe fikiria. Marehemu nani atamshtaki?"

Akacheka. Akalamba kidole gumba, halafu kile cha shahada, kimoja kimoja, polepole. Nilikuwa na chai mdomoni, nikairudisha kikombeni.

Nikamwambia habari za Mama Trevor. Nilimwambia kuhusu deni na ile ploti. Nilidhani atashtuka. Wapi! Alianza kunieleza jinsi alivyotulinda. Eti mwaka mzima sote tuko safi kwa sababu yake. Eti ningependa aandike yangu? Halafu akasogeza kiti, akapunguza sauti, akanitwika ujumbe. Nimwambie Mama Trevor asirudi kule ofisini na kile cheti cha kifo. Angoje Desemba, mkataba wa hoteli uishe.

"Desemba tu. Tukimaliza, aende aseme vile anataka. Na tutamtolea kitu, si vibaya. Unga, mafuta. Mwambie wewe, nyinyi ni wanawake mtaelewana."

Unga na mafuta!

Yaani mume wake aendelee kuwa hai kwenye makaratasi mpaka Desemba, ili Mutiso asisumbuke kubadilisha jina, na mke alipwe unga. Nimeishi na wanamuziki miaka mingi. Nimeona mtu akiiba kebo, nimeona mtu akikimbia na malipo ya bendi nzima akazima simu. Lakini hii hapana. Hii sijawahi kuona.

Na huyu ndiye aliyeshika maikrofoni kule Webuye siku ya mazishi, akalia mbele ya watu wote, akasema Wafula hajaondoka, tutaendelea kuwa naye kwenye bendi. Watu walipiga makofi. Mimi pia. Kumbe tulikuwa hatujafika hata nyumbani, ankara ya kwanza ya marehemu ilikuwa imeshatumwa. Juzi Jumamosi tu tulikuwa Karen, kwenye harusi. Kama kawaida tulishikana mikono nyuma ya hema kabla ya kupanda jukwaani, na Mutiso akaombea familia ya Wafula, kwamba Mungu awe mume wa mjane na baba wa mayatima. Nilisema amina kwa sauti kubwa.

Ptuu!

Nilimwambia kesho naenda na Mama Trevor ofisini, na nitaandika taarifa kama mwanabendi kwamba Wafula hajapiga hata noti moja tangu mwaka jana. Hapo ndipo alipoweka kuku chini.

"Ukienda umejimaliza. Watafungua zako pia, zile sifuri zote. Na Ijumaa usikuje." Halafu, baada ya kujipangusa mdomo: "Kwani unafikiri wasee wengine wa bendi hawajui? Muulize Ochi."

Nilitoka bila kumaliza chai. Pale nje, kelele za spika za kila duka zikinipigia masikioni, nikampigia Ochi, mpiga ngoma wetu. Nilimuuliza tu kama alijua. Akasema, "Mwende, mimi niko na watoto," akakata.

Kwa hivyo nilikuwa mjinga peke yangu. Ama nilikuwa najifanya mjinga, sijui kipi ni kibaya zaidi.

Nisingependa mtu afikiri nimeingia upande wa watu wa kodi. Wao nao wananitia kichefuchefu. Mtu anapiga besi kwa saa tano amesimama, hoteli inamlipa baada ya miezi miwili, inakata kabla hajaona, na barabara ya kwetu bado ina mashimo yale yale. Na wale matajiri wa Karen wanaofikiri sahani ya pilau ni malipo, hao nao nitawaandikia siku yao. Hasira hiyo ni rahisi. Naweza kuibeba popote na kila mtu ataniunga mkono. Lakini hii ya leo siwezi kuielekeza nje peke yake. Kila Ijumaa nilichukua fungu langu. Hili koti nililovaa sasa hivi nimelinunua kwa pesa ya Parklands, ile iliyoandikwa jina la Wafula. Ningekuwa mtu wa sinema ningelivua. Kuna baridi. Bado nimelivaa.

Na naogopa, shajara. Niseme ukweli wote. Ijumaa za Parklands ndizo zinazolipa nyumba hii. Wakifungua mafaili yangu nitalipa deni mpaka nywele ziwe nyeupe. Njiani kurudi nilijipangia visingizio vitatu vya kumwambia Mama Trevor, na vyote vilikuwa vizuri.

Nilipofika kituoni hapa Dagoretti Corner nilimkuta kwenye jiko lake, anageuza chapati. Visingizio vikapotea. Nikamwambia ni sisi. Nikamwambia yote, hata habari ya unga na mafuta.

Nilitaka apige kelele. Nilitaka anirushie kile kijiko cha mafuta, walahi. Aligeuza chapati upande wa pili, akaiangalia.

"Kwa hivyo hapigi," akasema.

"Hapigi."

"Mahali popote."

"Mahali popote, Mama Trevor."

Akatikisa kichwa polepole, akajifuta uso kwa aproni, kwanza jicho moja halafu lingine. Nilielewa kwamba tangu wiki iliyopita, mahali fulani moyoni mwake, alikuwa bado anangoja. Kwa sababu yetu amefiwa na mume yule yule mara mbili. Kisha akafunga chapati mbili kwenye gazeti akanipa, na nilipotoa pesa akasukuma mkono wangu.

Ziko hapa mezani. Zimepoa. Siwezi kuzila na siwezi kuzitupa.

Saa mbili asubuhi tunakutana pale pale kwenye jiko lake, twende mjini. Yeye atabeba cheti cha kifo. Mimi nitabeba kitambulisho changu na PIN yangu, na nimeshajitoa kwenye kile kikundi cha WhatsApp. Namba ya Wafula bado imo. Hakuna mtu aliyewahi kuitoa.

Mwaka mzima tumemfanyisha kazi mtu aliyelala.

Wafula, pumzika. Kesho zamu ni yangu.