Amina Niliyoisema Mapema

Jumanne, Mulongwe. Tangu asubuhi mawingu yamekalia milima, mvua hainyeshi wala haiondoki. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo.

Leo nimeharibu. Naandika kabla sijapata namna ya kujitetea.

Mama Neema ni mjane wa kanisani kwetu. Tangu mazishi ya mumewe, yeye na binti yake hawasemezani. Neema ameolewa Mutarule, na baba yake alipougua hakuonekana. Alikuja siku ya kuzika, akakaa upande wa wageni, akarudi kwake. Tangu hapo mimi ndiye njia yao. Mama ananiambia, nampigia binti. Binti ananijibu, napeleka kwa mama, nikipunguza chumvi njiani. Niliita kazi hiyo huduma, na watu waliponisifu sikukataa.

Kisha wachungaji tukaitwa semina. Mwalimu akatueleza kwamba wasiwasi ndani ya familia huambukiza kama homa: wawili wakishindwa kuuvumilia, wanamtafuta wa tatu aubebe. Mchungaji hupenda sana kuwa huyo wa tatu. Kazi yake, alisema, ni kukaa nao karibu, kutulia, na kuwaacha waseme wenyewe. Nilitikisa kichwa kukubali kuliko wote mle ndani.

Basi nikawaomba wakutane, na Neema akakubali kuja. Asubuhi ya leo tumekaa sebuleni kwa mama yake, mimi katikati. Nje jirani alikuwa anakwangua matope ambayo mto uliacha uani kwake. Halafu Neema, akitazama vidole vyake, akaanza:

"Mama, wakati Baba alikuwa mugonjwa, minye nilifika mpaka hapa kwa mulango..."

Mama akaangua kilio cha sauti, kile ambacho hata kitenge hakiwezi kukificha. Kifua kikanibana. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema: "Tufunge macho, tuombe."

Kwetu hakuna anayeendelea kuongea mchungaji akishasema hivyo. Neema akameza maneno yake, akainamisha kichwa. Nikaomba. Tena niliomba vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Niliombea amani, nikaombea familia, nikaombea nchi yetu yote, mpaka kifua kikatulia, ndipo nikasema amina.

Kifua changu mimi.

Nilipofungua macho, Neema alikuwa ameshashika mkoba wake. "Aksanti kwa maombi, Pasta," akasema, akatoka.

Mama yake hakunitazama.

"Minye nilikuwa nalia juu ya vile alianza kusema," aliniambia taratibu. "Niko namungojea tangu tulizika baba yake. Sasa weye, Pasta, uliogopa nini?"

Jibu ninalo sasa. Nilipokuwa mtoto, baba akipandisha sauti, mama yetu alisema "tuombe," na sote tulikuwa magotini kabla majirani hawajasikia. Hakuna ugomvi uliowahi kwisha nyumbani kwetu. Uliombewa, ukalala, ukaamka nasi asubuhi. Nilidhani pale nilirithi imani tu, kumbe nilirithi na woga. Naona aibu kwamba nimewagawia watu woga huo miaka yote hii nikiuita baraka.

Mchana Mama Neema alinipigia simu. "Pasta, umuambie Neema simukasirikii." Kidole kilikuwa kimeshaanza kutafuta namba. Namshukuru Mungu kilisimama. Nikamwambia, kwa shida, ampigie mwenyewe. Akakata simu. Baadaye akanipigia tena: amejaribu na kujaribu, simu ya Neema haipatikani.

Labda chaji imemwishia. Labda amechoka na sisi sote.

Neema akikubali kurudi, nitakaa kwenye kiti kile kile, macho wazi na mdomo umefungwa, hata kifua kipasuke. Lakini je, atarudi? Mtu anaweza kupata ujasiri wa namna ile mara ngapi?

Jioni hii nimejaribu kuomba nikashindwa kufumba macho. Nikiyafumba namwona Neema amesimama kwenye mlango ule, baba yake yu hai ndani, na yeye anageuka kuondoka. Alirudishwa na nini? Mimi sijui. Mama yake hajui.

Yalikuwa yamebaki maneno machache tu.