Uzi wa Manjano Uliofunga Ndagala

Lubumbashi

Kaka Bahati,

Nakusalimu wewe na wote walioamka salama hapo Kiringye. Goti la Mama likoje siku hizi za mvua? Mihogo imekubali? Mimi mwilini sijambo, ila moyoni nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe. Naandika kwenye karatasi kwa kuwa simu zenu haziingii, na sababu unaijua kuliko mimi.

Juzi Amisi, dereva anayeleta samaki huku, alinipa kifurushi cha ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka kwa Mama. Nilifurahi mpaka nilipotaka kukifungua. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa manjano, laini, usiokatika kwa meno wala kwa kisu cha jikoni. Uzi huo naushika kila siku kazini. Unakaa ndani ya kable ya mtandao, kuzilinda nyuzi za kioo zisivutwe zikavunjika. Sokoni hauuzwi.

Nikamuuliza Amisi umetoka wapi.

"Bahati aliutoa mu udongo, kule mu shamba," akasema. "Mulikuwa vioo ndani, akavitupa. Lakini hiyo kamba iko nguvu, mama yako anafungia nayo kila kitu."

Ulikuwa unatafuta shaba. Sijui nani aliwadanganya watu wa bonde kwamba kila waya uliozikwa una shaba. Unakumbuka tulivyokuwa tunazamia ziwani, tukienda kwa shangazi Uvira? Ukiwa chini ukatazama juu wima, unaona mawingu. Ukitazama kwa mshazari, uso wa maji unageuka kioo na kukurudishia mawe ya chini. Kable inafanya hivyohivyo. Uzi wa kioo mwembamba kama unywele umevikwa kioo cha aina nyingine. Mwanga ukiingia unagonga ukingo kwa mshazari, unarudishwa ndani, unagonga tena, hadi utokee mji mwingine. Sauti ya Mama inageuzwa mimweko ya mwanga na kusafiri humo pamoja na maneno ya maelfu ya watu, bila mmoja kumkanyaga mwenzake. Waya wa shaba ungebeba kidogo tu, tena ungechoka njiani. Ndiyo maana wenye mtandao waliuacha.

Mimi nikiunga uzi mmoja wa kioo, nausafisha kwa alkoli, nakata ncha iwe sawasawa, nauweka kwenye mashine inayouyeyusha ushikane na mwenzake. Vumbi kidogo likiingia, naanza upya. Wewe ulizikata zote kwa panga, ukabaki na kamba ya kufungia ndagala.

Ningekucheka tu na kusahau. Lakini Amisi alipokuwa anaaga, alinipa habari nyingine.

"Baba Riziki iko mu kasho," akasema. "Wanasema alikata kable, akauza shaba."

Baba Riziki, jirani yetu, mlinzi wa kipande hicho cha njia ya kable, aliyembeba Mama mgongoni siku ya mafuriko. Amewekwa mahabusu kwa shaba ambayo haikuwemo. Amisi hakuunganisha habari zake mbili, mimi niliziunganisha palepale nikiwa nimeshika kifurushi. Mkewe anampelekea chakula kila siku, na lazima apite mbele ya mlango wako. Unamsalimu? Macho unayaweka wapi? Kutojua kilichomo ndani ya kable si kosa lako peke yako, bonde zima halijui. Kunyamaza ni kwako peke yako, na hilo ndilo linalonichoma.

Nenda kwa chefu wa kijiji. Chukua lile panga ulilokatia, mwonyeshe ulipovitupa vile vioo, sema kwa kinywa chako kwamba ni wewe. Wakikuweka ndani, nitaomba ruhusa nije kukutetea, na wakikubali nitaiunga hiyo kable kwa mikono yangu. Kukutetea kwa uongo, hapana.

Nisalimie mke wako Neema, na shangazi Furaha anayeanika ndagala kule Uvira. Mke wa Baba Riziki usimpe salamu zangu mpaka mume wake awe amelala nyumbani kwake.

Barua hii nimeifunga kwa uzi uleule, na Amisi nimemwambia aikabidhi mkononi mwako Mama akiwepo. Atashangaa kwa nini nimeurudisha. Mjibu wewe.

Mdogo wako,
Nabintu