Viatu Visivyonienea

Masasi, Jumanne

Kwa dada yangu Stamili,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Makote, wewe, shemeji na Hamudi mdogo. Goti la Baba linasemaje? Na mikorosho mmeshaipulizia, au bado mnamsubiri mwenye mashine na maringo yake? Mimi afya ninayo. Nakula, nalala, darasani naenda.

Barua zama hizi utaicheka, najua. Simu yangu nimempa Rukaiya, ninayekaa naye chumba kimoja hapa chuoni, nikamwomba aifiche na asinipe hata nikimpigia magoti. Ndiyo maana ukipiga sipokei, siyo jeuri. Barua anakuletea Yunusi, konda wa basi la Newala. Mpe hata maji ya kunywa.

Dada, ninanunua vitu. Usiniambie kila mtu ananunua. Wenzangu hapa wananunua, wanavaa, wanapigana picha, wanaazimana. Mimi sivai. Naona gauni simuni kwenye kundi la wauzaji, naagiza, na tangu hapo mpaka mzigo ufike stendi najiona mtu. Nikishaupokea, basi. Nausukuma chini ya kitanda hata kamba sijakata, moyo kimya, naanza kutafuta kingine. Siku moja nilitoka katikati ya kipindi, mwalimu anafundisha, nikaenda kupokea ndala. Ndala, dada! Utadhani natembea peku.

Wiki iliyopita Rukaiya alichoka kujikwaa. Akasema chumba siyo ghala, akayavuta maboksi yote akayafungua mbele yangu. Mimi nimekaa kitandani namtazama tu. Akatoa madera mapana, kanga doti kwa doti, nyingi za rangi ya damu ya mzee, vitambaa vya kichwa, na viatu. Akanipa kiatu nijaribu, kisigino kikabaki nje. Akanipa kingine, vile vile. Vyote namba thelathini na nane. Miguu yangu unaijua, ni ya Baba. Mama alikuwa akisema nitafute mchumba fundi viatu. Rukaiya akaniuliza taratibu, hivi ni vya nani.

Nilitaka kumdanganya kwamba nilikosea namba. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwangu hata kilio hakikuja. Nikamwambia ni vya Mama. Akaanza kuvirudisha kimoja kimoja kwenye maboksi, maana alikuja nami mazikoni.

Unakumbuka arobaini yake, mlipokaa kugawana nguo zake kama desturi yetu, ukanipigia kuniuliza unitolee ipi? Mimi nilikuwa na mtihani kesho yake, sikuja. Nikakujibu kwa majivuno kabisa kwamba gawaneni nyie, mimi nguo ninazo, kanga kuukuu za nini. Baadaye Shangazi Somoe akaniambia sanduku lake la nguo lilibaki tupu mpaka wakalipangusa. Nadhani tangu siku ile nalijaza. Wallahi dada, nilikuwa sijui.

Na hela ya korosho aliyotuma Baba kwa ajili ya ada imeishia humo humo, yote. Chuo kimesema nisipolipa sifanyi mtihani wa mwisho. Naandika haya na mkono hautetemeki, na hilo linanitisha kuliko mtihani wenyewe. Mwambie Baba kwa namna unayoijua wewe. Akitaka kunifokea anifokee, labda nitasikia kitu.

Ijumaa nakuja na mzigo wote. Vitakavyouzika tuuze, tuone kama ada itapatikana. Vingine wapewe wale wale waliogawana mwanzo. Nisalimie Baba, Shangazi Somoe na wote wanaoniulizia. Hamudi mwambie namletea biskuti.

Ninaomba kitu kimoja tu. Kama imebaki kanga yake popote, hata ile aliyokuwa akijifunga akiokota korosho, yenye madoa ya mabibo, niwekee. Usiifue.

Mdogo wako,
Swaumu